Upande wa Kulia

Mwenzetu alikuwa dereva wa familia moja ya Al Rayyan, pembeni mwa Doha. Kwa miaka tisa aliwapeleka watoto wa watu shuleni, hospitalini na hata harusini, na hakuchelewa hata mara moja. Wa kwake hakuwahi kumpeleka popote. Bintiye alipata kipaimara baba hayupo, akamaliza kidato cha nne baba hayupo, na sasa alikuwa anaolewa Desemba. Safari hii baba aliapa. Angeacha kazi, angenunua gari kuukuu ambalo tajiri wake alikuwa amelichoka, angeliendesha kutoka Doha hadi kwake nje ya Meru, na angempeleka binti kanisani nalo, mwenyewe akiwa kwenye usukani.

Mtu mwenye akili angemshauri apande ndege. Yeye akaja kwangu. Nina digrii ya jiografia, ambayo hadi siku hiyo ilikuwa imenisaidia kujua kaskazini ni wapi nikiwa ofisini Abu Hamour, nikisahihisha vipeperushi vya nyumba za kifahari za The Pearl ambazo nisingeweza kukodi hata choo chake. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Tulipanga kila Ijumaa, ambayo kwa Mkristo wa Doha ndiyo Jumapili, tukitoka ibadani. Kikao kilifanyika ndani ya gari lenyewe, ambalo tayari alikuwa amelinunua, mbele ya kibanda cha chai ambako unapiga honi tu na karaki, chai yao ya maziwa, inakufuata dirishani. Dereva alikaa kwenye usukani, mimi pembeni yake na faili magotini. Nyuma alikaa muuguzi mmoja, Mkenya mwenzetu, aliyejitolea kuandaa sanduku la dawa na, nadhani, kuja kutucheka.

Miaka hiyo mpaka wa Saudia ulikuwa bado haujafungwa. Tungeuvuka, tufike Jeddah, tupande meli na gari letu hadi Suakin, bandari ya Sudan, kisha Ethiopia, Moyale, nyumbani. Mimi ningemsindikiza kwa likizo yangu ya mwaka, kama mtaalamu. Kila nchi niliipa rangi yake kwenye faili. Kulikuwa na ukurasa wa visa, wa tairi za akiba, wa ngamia wanaolala barabarani.

"Prof," muuguzi aliniambia siku moja, "umeandika kurasa nne juu ya Sudan. Ushawahi kufika?"

"Nimesoma."

"Hata mimi nilisoma kuhusu kuzalisha. Nilipoingia wodini ndipo nikajua sijui."

Sikumjali, kwa sababu lililo gumu tulikuwa tumelimaliza. Tajiri alikuwa amekubali kutia saini ruhusa ya kutoka, karatasi ambayo bila hiyo mfanyakazi hakuvuka hata mpaka wa kwanza. Alikubali huku akiuliza kwa nini mtu anayeweza kuruka anataka kutambaa.

Ukurasa nilioupenda kuliko zote ni wa Moyale. Niliandika: "Hapa tunahama kutoka upande wa kulia wa barabara kwenda upande wa kushoto. Tahadhari kubwa." Nikaupigia mstari mwekundu mara mbili. Nilimsomea dereva kwa sauti, naye akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Wiki tatu kabla ya kuondoka, mkewe akapiga simu tukiwa kikaoni. Dereva aliiweka spika ili tusalimiane.

"Shemeji, habari za huko?"

"Nzuri, mama," nikamjibu. "Ni joto tu."

"Poleni. Nimeambia kamati gari ya bibi arusi iko, wasitafute ingine. Sasa Baba, siku hiyo mimi nitakaa mbele na wewe. Nitakaa upande gani? Nataka kujua kitambaa changu cha begani kitaangukia wapi."

"Upande wa kulia."



"Wa kulia si ni wa dereva?"

"Hapana, mama, dereva anakaa..." Akaitazama mikono yake kwenye usukani, kama mtu anayeikuta mikono ya mwingine.

"Hiyo gari ni ya usukani wa kushoto?"

"Za huku zote ni hivyo."

"Ngoja nikuambie. Kaka yangu kazi yake ni kutoa magari bandarini. Hiyo haiandikishwi hapa. Labda iwe ya zima moto ama ambulensi."

"Tuiwekee king'ora," muuguzi akasema kule nyuma. "Nesi iko tayari."

"Basi huo upande wa kulia nitaukalia," mkewe akasema, "nilie vizuri." Akakata simu.

Nilipekua faili lote, rangi zote tano. Baadaye niligundua gari lingeweza kuingia kwa kibali cha muda, kama la mtalii, mradi litoke tena.

"Yaani niingie kwangu kama mzungu wa mbuga?" dereva aliuliza. "Halafu nitoke niende wapi?"

Miezi yote hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kiti ambacho kwetu ni cha dereva, faili limenijaa pale ambapo usukani ungekuwa, na sikuona kitu. Naye alikuwa ameshika usukani huo miaka tisa. Kati yetu tulikuwa na leseni za nchi mbili na digrii moja.

Gari aliliuza. Akapanda ndege, akafika kwa saa chache, bila ngamia.

Desemba mkewe alinitumia video. Gari ni la kuazima, limefungwa riboni. Mwenzetu, amevaa suti, anafungua mlango wa kushoto, anaketi, anafunga mkanda, anainua mikono yote miwili na kushika hewa. Kutoka nyuma, chini ya shela, binti anauliza taratibu, "Baba, nani anatupeleka?"

Anashuka. Anazunguka mbele ya gari, wanawake wanapiga vigelegele kana kwamba ni sehemu ya sherehe, anaingia upande wa pili. Simu ya mkewe, anayekaa sasa kwenye kiti alichokiacha mumewe, inatikisika. Sijui ni kucheka au ni kulia. Gari linatoka langoni na kushika upande wa kulia wa barabara, na watu wote wanapaza sauti, "Kushoto, mzee, kushoto!"

Walifika salama. Ukurasa wa Moyale, wa pekee ambao ungemfaa, nilikuwa nao Doha, umepigwa mstari mwekundu mara mbili.