Nilitafuta wimbo wa harusi wa bure na halali, papa yangu, baba mzazi, akamzuia bibi-arusi mulangoni

Wakuu, salamu kutoka Goma. Haya yalinipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi. Dada yangu Espérance mpaka leo ananinunia.

Mwaka ule volkano ilipolipuka tulikimbia na nguo za mwilini. Parcelle yetu, kiwanja na nyumba, ikabaki chini ya mawe, tukahamia kwa shangazi, mtaa wa Mapendo. Ndoa ya Espérance haikuahirishwa, maana wakwe walishashuka kutoka Masisi, na kule vita inaweza kufunga njia wakati wowote.

Kazi yangu ilikuwa muziki. Nikaapa siibi wimbo wa mutu. (Sawa, ukweli ni kwamba site za wizi zilishajaza laptop yangu virusi.)

Network ilinitesa, lakini nikapata site safi na wimbo mutamu wa kuingilia. Pembeni wameandika "domaine public". Yaani wa zamani, hauna tena mwenyewe, unadownload bure.

Siku yenyewe, Espérance yuko mulangoni mwa kanisa, ameshika mkono wa papa. Papa akaniuliza wimbo ni wa nani.

"Domaine public, papa."

Weee! Nilisahau muzee amezeekea cadastre, anapima viwanja. Kwake domaine public ni ardhi ya l'État, ya serikali: ukijenga, wanakuja kubomoa.

"Mutoto wangu haingii juu ya kitu ya l'État! Kesho watavunja hii ndoa!"

Nikaeleza mpaka jasho. Wapi! Wakwe wakaanza kunong'ona kwamba bibi-arusi amekataa bwana. Espérance analia, poda inashuka.

Nilikasirika sana, halafu nikamuonea papa huruma. Titre, hati ya parcelle yetu iliyofunikwa na mawe, bado anatembea nayo mfukoni.

Nikafungua simu. Kulikuwa na wimbo mwingine wa bure, sharti lake moja tu: umutaje mutunzi. Papa akavaa miwani, akasoma jina na masharti yote, pole pole, kanisa zima linangoja.

"Huyu ako na papiers, karatasi zote. Piga."

Lakini kwanza akadai mikrofoni, akamutaja mutunzi kwa jina kamili, mara mbili. Wakwe wakadhani ni mugeni wa heshima. Wakasimama wote, wakageuka huku na huku kumutafuta, wanamupigia makofi, na Espérance akapita nyuma yao bila kuonwa na mutu.

Nilichojifunza: soma masharti kabla ya kudownload, na umweleze muzee wako mapema.

Nyinyi muziki wa bure munautoa wapi? Mwageni link, ila zenye papiers. Papa anasoma huu uzi.