Mama Alivyomwosha Mke Mwenza

Mume wangu ni fundi wa mafriji na viyoyozi, mtu wa maneno machache, ila ana wazimu wake mmoja: anafuga mimea inayokula wadudu. Barazani kwetu imejaa. Majani yake yana vikopo vyenye vifuniko. Inzi akifuata utamu mdomoni mwa kikopo, huteleza, akazama, na habari yake ikaishia humo. Maji ya bomba haiyataki, eti yana chumvi, kwa hiyo bwana huyu hurudi kazini na dumu la maji yaliyodondoka kwenye viyoyozi vya watu. Ulio mkubwa kuliko yote aliupanda mwaka tuliooana. Mimi nauita mke mwenza, maana kila asubuhi husalimiwa kabla yangu.

Basi mama yangu akaja kututembelea. Mama na uchafu ni paka na panya. Nilirudi sokoni nikamkuta barazani, kavimwaga vikopo vyote vya mke mwenza na kuvisugua kwa sabuni.

"Mnakaaje na uvundo huu?" akaniuliza. "Inzi wameoza humo tele!"

Mume wangu hajawahi kumvunjia Mama heshima, lakini siku hiyo niliogopa.

Alirudi jioni, akatazama, akaweka dumu chini.

"Mama, hivyo vikopo ndiyo matumbo yake," akasema taratibu.

"Yaani nimemwosha mtu matumbo kwa sabuni?"

"Ndiyo, mama."

Alivisuuza kwa maji ya dumu, akaenda kuoga. Afadhali angefoka! Vikopo vilinyauka kimoja baada ya kingine, Mama naye akawa anadonoadona chakula na kuzungumzia kurudi kwake. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mume, na mke mwenza ndiye niliyemkasirikia zaidi.

Asubuhi moja Mama alipiga ukelele. Tukakimbia. Ncha ya jani jipya ilikuwa imevimba na kuanza kutunga kikopo, kidogo kama kidole cha mtoto. Mume wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Amepona, mama! Amepona!"

Nilishusha pumzi, nikalia kidogo, sioni aibu kusema.

Siku kifuniko kilipofunguka, Mama, ambaye inzi mmoja mezani humharibia siku nzima, aliweka ganda la ndizi chini ya mke mwenza ili kuwaita inzi. Mume wangu akamletea kiti, wakaketi wawili kuwasubiri.