Kisu Hakipewi Mtu Mkononi

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha nyumbani kwetu Bondeni. Fundi wa nguo akiyadondosha kwenye mashine yake, namwona Anko Ndung'u amepiga magoti sebuleni kwetu, sanduku la bati wazi mbele yake, akivitoa visu vyake vya Kimarekani kimoja kimoja kama mtu anayewaamsha watoto.

Alikuwa ndugu mdogo wa baba, dereva wa lori lililobeba udongo mweupe wa machimbo ya Kariandusi. Popote lori lilipolala aliulizia visu vya vita, vya zamani: kwa wazee waliowahi kuwa askari, kwenye minada ya nyumba za walowezi. Kimoja kilikuwa na mpini wa shaba wenye matundu ya vidole, ngumi na kisu pamoja. Alivisugua kwa unga wa udongo ule ule, akavipaka mafuta ya cherehani, kisha Jumapili akanifundisha kuvitambua. "Fundi," aliniita, mimi wa darasa la nne, "chuma kinaweza kudanganya. Mpini haudanganyi." Hakuna mtu mzima mwingine aliyenifundisha kitu kwa sababu tu nilikipenda.

Kisu alichokitamani zaidi hakikuwa sandukuni. Kilikuwa cha Guka, babu yangu, alichopewa na askari Mmarekani kule vitani Burma. Mpini wake ulikuwa wa pete za ngozi zilizopangwa kama chapati. Pete moja ilioza, na Guka akaweka nyingine ya ngozi ya mbuzi, nyeupe kuliko zile nyingine. Alikipaka mafuta ya kondoo na kunimenyea miwa nacho. Na alikuwa na sheria moja: kisu hakipewi mtu mkononi, kinaleta ugomvi. Unakiweka, mwenzako anakiokota. Hata mama, awe na haraka namna gani jikoni, alikiweka mezani kwanza.

"Mzee, si uniachie hicho?" Anko alimwomba mara nyingi.

"Hicho ni cha Wanjiku," Guka alijibu, akinielekezea kidole. "Wewe una sanduku zima."

Halafu macho ya Guka yakaingia ukungu, na Anko akajitolea kukipeleka kwake Lanet akakitoe kutu. Guka alikiweka mezani. Anko akakiokota.

Jumapili iliyofuata kilirudi kinang'aa. Nilikishika kabla ya Guka. Kilinuka mafuta ya cherehani, na hilo nililitarajia. Lakini pete zote za mpini zilikuwa za rangi moja.

"Anko, pete ya mbuzi iko wapi?"

"Imeshika rangi, fundi."

"Hapana. Hiki si cha Guka."

Akamgeukia baba. "Huyu msichana wenu atakuwa polisi!" Wakacheka wote. Kisha akanikonyeza, kana kwamba ilikuwa siri yetu sisi wawili. Kule kukonyeza ndiko kulikonikata.

Nikakiweka mbele ya Guka, nikangoja. Alipitisha kidole gumba kwenye mpini, pete kwa pete, hadi mwisho. Akarudia.

"Kisu ni kisu, mama," akaniambia. "Nyamaza, ule."

Sikula. Hata Guka amenigeuka, nilijiambia, amemchagua mwanawe. Kwa hasira ile, kilichofuata nilikiona bila kukielewa. Guka alikishika kile kisu, akanyoosha mkono juu ya meza hadi kifuani pa Anko.

"Shika."

"Si uweke hapo, mzee?"

"Shika."

Mama akaacha kupakua. Anko akakipokea, mkono kwa mkono. Aliondoka kabla ya chai, na Guka, aliyezoea kumsindikiza hadi barabarani, hakuinuka. Tangu hapo walisalimiana na kuongea habari za mvua tu, hadi Guka alipofariki.

Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba Guka hakunyamaza siku ile. Alisema yote, mbele ya watu wote, kwa namna ambayo kila mtu wa nyumba ile aliielewa isipokuwa mimi.

Mwaka jana nilimtembelea Anko Lanet. Amezeeka, na visu sasa viko kwenye kabati la kioo. Katikati kiko kimoja chenye pete nyeupe. Alikitoa akatabasamu. "Fundi, unakumbuka hiki?" Kisha akakiweka mezani, kwa adabu, akarudisha mkono.

Nilinyoosha wangu.

"Hapana, Anko," nikamwambia. "Nipe mkononi."