Chupa ya Mama Mdogo

Mama mdogo alianza kukaanga sambusa pale Chikongola mimi bado natembea peku, na sijala sambusa zilizoshinda zake. Mwaka jana ukazuka uvumi kwamba mafuta anayokaangia ni ya nguruwe. Aliyeuanzisha Mungu anamjua. Wateja wakakata mguu. "Lisemwalo lipo," wakasema, watu walewale waliokuwa wakigombania sambusa zake za kufuturu!

Akanijia. "Mwanangu, wewe si unapima vinasaba huko maabara? Nipimie, nipate karatasi ya kusema ni ya ng'ombe, niibandike ukutani." Alikuwa amebakiwa na kipande kimoja kibichi cha shahamu ileile iliyoleta maneno. Nikamwambia akilete. Sikumwambia akilete kama kilivyo.

Kesho yake akaja na chupa. Kipande chote alikuwa amekiyeyusha, akakichuja mara tatu kwa kitambaa cha kuchujia tui, na makapi akawamwagia kuku. "Nimekisafisha, nisikutie aibu mbele ya wenzako." Jamani! Vinasaba vimo ndani ya chembe za nyama, na shahamu hata ikiwa mbichi ina chembe haba. Yale aliyowapa kuku ndiyo niliyoyataka. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nikamimina kidogo, nikamrudishia chupa yake.

Mashine ya mwanga ikanipa namba kubwa, nami mpumbavu nikampigia simu palepale: "Mama, vinasaba vipo tele, tulia." Akapiga kigelegele simuni. Mashine ile huhesabu kila kinachozuia mwanga, hata mabaki ya mafuta na ya dawa zangu mwenyewe. Nilifundishwa hilo mwaka wa kwanza, lakini furaha ilinipofusha. Siku iliyofuata nikapima kwa rangi ambayo hung'aa ikigusana na vinasaba tu. Haikung'aa. Nikarudia mara nne huku nikijitukana, na mara zote nne ilikuwa vilevile.

Nikaenda kwake asubuhi. Alikuwa amekwisha kugonga msumari ukutani.

"Karatasi inasemaje?"

"Haisemi ng'ombe, mama, wala haisemi nguruwe. Hakuna cha kupima."

"Si ulisema vipo tele?"

"Nilikosea."

"Basi andika ng'ombe. Mimi najua nilichonunua."

Nilikataa. Nilimkatalia mwanamke aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na bado sijui kama nilifanya vyema. Hakugomba. Alinitengea kisahani cha sambusa tatu za moto. Kando ya jiko niliiona ile chupa, tupu. Alikuwa amezikaangia mafuta yaleyale.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba, mama."

Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu nilipoamka, naye alijua. Aliniangalia, akakivuta kisahani upande wake, akazila zote tatu polepole. Kisha akamwagia maji makaa. Jiko lile halijawashwa tena.