Siku Elimringi Alipowagawia Nyama Wachezaji wa Kikapu

Elimringi alikuwa mkata nyama katika bucha moja mjini Moshi, upande wa Mawenzi. Mteja akimwambia "nipe ya kuchemsha," panga lilikuwa limeshajua pa kupita. Lakini ukimuuliza habari za nyumbani, alijibu "nzuri", kisha akalitazama gogo la kukatia nyama kana kwamba ndilo litakalomalizia maelezo. Umri ulikuwa umeshavuka arobaini na tano na hakuwa na mke. Mama yake kule Kirua Vunjo alikuwa ameshachoka kumuuliza yeye. Siku hizi alimuuliza Mungu moja kwa moja, kanisani, kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la nyuma.

Kumbe mke Elimringi alikuwa ameshampata. Tatizo ni kwamba mwenyewe huyo mke hakuwa na habari.

Aliitwa Yuditha, fundi cherehani, mjane mwenye kicheko cha kuamsha barabara nzima. Cherehani yake ilikaa barazani kwa Balbir Singh, muuza vipuri vya pikipiki, aliyezaliwa hapo hapo Moshi na kucheza mpira wa kikapu mpaka goti lilipomwambia basi. Nyuma ya kaunta Balbir alikuwa na televisheni iliyorudia mechi za Marekani, mpya na za zamani. Kila Jumamosi mchana, bucha ikishafagiliwa, Elimringi alinawa mikono mara mbili, akavaa shati safi, akaenda kukaa juu ya kreti la soda kusikiliza watu wakigombana. Ugomvi ulikuwa mmoja tu, wala haukuzeeka: katika wachezaji wote wa enzi zote, nani mkubwa?

Jumamosi hii alikwenda na moyo mzito. Asubuhi Praygod, kijana wa bodaboda, alikuwa amemletea habari pale buchani: mwalimu mmoja mstaafu wa Himo amemtuma mshenga kwa Yuditha, na jibu linatolewa kesho baada ya ibada. Maana yake ni kwamba Elimringi alikuwa na mchana mmoja tu wa kufungua mdomo. Yeye, ambaye kumwambia Yuditha "leo jua kali" kulimchukua mwezi mzima wa mazoezi.

Alipofika, moto ulikuwa umeshawaka.

"Russell ana ubingwa mara kumi na moja!" Balbir alikuwa akipiga kaunta. "Kila ubingwa pete, pete kumi na moja! Vidole vyenyewe kumi! Ya mwisho utaivaa wapi, puani?"

"Mzee Balbir, shikamoo, lakini unanichekesha," alijibu Praygod. "Enzi hizo walicheza na viatu vya kwendea shamba. Mlete mbele ya Curry uone kama hatatafuta njia ya kwao."

"Curry wako angerusha kutoka mbali hivyo enzi za Russell angepewa pointi mbili tu, kama maskini wenzake. Mstari wa pointi tatu haukuwepo!"

"Nyie bishaneni," alisema Yuditha kutoka barazani, bila kusimamisha cherehani. "Mimi nataka mniletee mtu mwingine aliyecheza timu moja na mwanawe wa kumzaa. Mnamjua? Hamumjui. LeBron peke yake. Wengine wakifika umri ule wanapakwa dawa ya mgongo."

"Dada Yudi, LeBron amepoteza fainali mpaka amezizoea!"

"Wewe umewahi kufika fainali ya nini? Ya kushona suruali mpya? Hiyo yako inapumulia nyuma."

Praygod alijishika nyuma haraka, watu wakafa kwa kicheko. Ndipo Balbir alipogeuka.

"Na wewe, Elimringi, kila Jumamosi unakaa kwenye kreti langu kama chupa. Leo utasema. Nani mkubwa?"

Siku zote, kimoyomoyo, yeye alikuwa mtu wa Jordan. Lakini kumtaja Jordan mbele ya Yuditha, leo, ingekuwa kujichimbia kaburi kwa jembe lake mwenyewe. Akachukua maneno aliyokuwa nayo, ya buchani.

"Kwetu Kirua," alisema polepole, "mbuzi akichinjwa, mimi ndiye ninayegawa. Huwa sitazami nani ana nguvu. Kila mtu ana sehemu yake."

"Haya, wagawie!" alifurahi Balbir. "Hebu wagawie wachezaji!"

Hapo, jamani, kitu kikafunguka. Mikono ikasimama hewani, ikaanza kumkata mbuzi asiyekuwepo.

"Kidari ni cha mzee wa ukoo. Hicho apewe Russell, na asiulizwe swali. Aliwatangulia."

"Umeona!" Balbir karibu aikumbatie televisheni.

"Jordan, mguu wa nyuma. Mguu mzima, maana alikuwa anaruka. Curry apewe mbavu. Hizo huliwa na vijana wanaokaa mbali na moto."

"Mbali na moto!" Praygod alipiga yowe. "Amemaliza! Na Thabeet wetu je? Mtanzania wa kwanza kufika kule!"

"Huyo mtoto wa nyumbani. Anakula jikoni kabla nyama haijagawanywa."

Walicheka mpaka wapita njia wakasimama. Elimringi mwenyewe alicheka, kichwa chepesi kama aliyekunywa mbege kabla ya chakula. Hakuwa amewahi kuongea maneno mengi hivyo tangu kipaimara. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Yuditha alisimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni, machozi ya kicheko mashavuni.

"Kaka Eli," alisema, "na mimi je? Ningekuja kwenu Kirua, ningepewa nini?"

Akili haikuulizwa. Mkono wa mgawaji ulishashuka.

"Mgongo," alisema Elimringi.

Praygod aliacha kucheka katikati, kama redio iliyokatiwa umeme. Yuditha akatoa macho.

"Nini?" aliuliza Balbir. "Mgongo una nini? Si nyama nzuri?"

"Mzee," alisema Praygod kwa mnong'ono uliosikika mpaka stendi, "mgongo ni wa mke wa nyumba! Hapewi mgeni, hapewi dada! Yelewii! Anko Eli ameoa!"

Elimringi alitaka kukimbia, lakini mlangoni alisimama Yuditha, na mlango ulikuwa mmoja. Angeweza kusema ulimi umeteleza. Mgeni hupewa kipande cha bega. Angesema bega, watu wacheke, yaishe, na kesho mwalimu wa Himo apate jibu lake.

"Umekosea kugawa?" Yuditha aliuliza. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Sijawahi kukosea kugawa," alisema Elimringi.

Kisha Yuditha akavuta futi kutoka shingoni, akaizungusha kidoleni, ikazunguka, ikazunguka.

"Mbona LeBron hujampa kitu?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme."

"Mguu wa nyuma."

"Huo wa Jordan."

"Mbuzi ana miguu ya nyuma mingapi, kaka Eli?"

"Miwili," alisema Elimringi, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni bila kukwepa. "Yudi, hata akiutaka na wa mbele, nitampa."

Kicheko kile cha kuamsha barabara kikalipuka, kikatoka nje, kikavuka lami. Praygod alikuwa ameshawasha pikipiki kupeleka habari kwa watu ambao hawakuwa wameziuliza. Yuditha akarudi kwenye cherehani, akakaa, akainua simu.

"Kaka Antoni? Mimi Yuditha. Yule mshenga wa Himo mwambie asisumbuke kuja kesho." Akamsikiliza kaka yake, huku akimtazama Elimringi na kung'ata kicheko kisitoke. "Sababu? Nimeshapewa mgongo, kaka. Mwambie mama achemshe maji ya chai. Tunakuja sasa hivi."