Ndizi ya Jirani

Jana mke wangu alirudi kutoka soko la Keumbu na mapera, na harufu yake ikajaa jikoni hadi nikatoka nje.

Mtaa wetu wa utotoni, nje kidogo ya mji wa Kisii, ulikuwa wa familia. Kila nyumba ilikuwa na watoto isipokuwa moja, aliyohamia mama mmoja peke yake. Hakuwa na mume, na hakuonekana kanisani Jumamosi wala Jumapili. Hilo lilitosha. Akina mama walinong'ona kwa Ekegusii wakianika nguo, nasi tukakatazwa kuonja chochote chake.

Siku moja alinipa ndizi mbivu, nikaila. Mchana huohuo nikapanda mpera wa mwenye nyumba, aliyetupangisha sote mtaani, nikala mapera mabichi mpaka meno yakafa ganzi. Jioni tumbo lilinikata, nikajikunja sakafuni.

"Umekula nini?" Mama aliuliza. "Ni yule mama amekupa kitu?"

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni wakinitazama. Mtoto yeyote aliyekwea mpera ule alikuwa akichapwa.

"Alinipa ndizi," nikasema.

Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kumsalimu, na mwenye nyumba akamwambia atafute kwingine. Siku ya kuhama alisimama mlangoni petu, vyombo vyake vikiwa tayari garini.

"Dada, mtoto alipona?"

Mama alinivuta nyuma ya sketi yake, nami nikabaki hapo mpaka gari likaondoka.