Neno langu la mwaka lilikuwa "kung'ang'ana", binti yangu akaolewa bila mimi

Wakuu, mwangaluka. Wadogo zangu mtakaonisalimia, marahaba kabisa.

Neno ambalo nilipaswa kulikataa ni "kung'ang'ana". Nilipewa Januari moja kule Rwamgasa, nikalipokea kwa mikono miwili, na tangu hapo sijatulia. Hata uzi huu nimeuanza mara kadhaa nikainuka kwenda kuzunguka uani. Ninayoandika ni ya kweli, na kosa ni langu.

Mimi ni mzee wa Didia, Shinyanga. Nilimaliza kidato cha nne, nikalima pamba, kisha nikaenda Geita kuchimba kama wengi wetu. Rwamgasa nilikuwa msimamizi wa duara, yaani shimo letu la dhahabu.

Tulikuwa na kikundi cha maombi cha wachimbaji. Kila mwanzo wa mwaka kila mmoja anachukua neno la kumwongoza, analiombea, na mwaka ukiisha anatoa ushuhuda.

Msinicheke, lilinisaidia. Mwaka wa kwanza neno langu lilikuwa "kiasi", nikaacha pombe. Uliofuata "shukrani", nikapunguza kugombana na watu mashimoni.

Safari hiyo nilitaka "nyumbani". Nilikuwa nimeikumbuka familia. Kiongozi wetu, tuliyemwita Kaka Elia, akatikisa kichwa.

"Mzee, hilo ni neno la mtu aliyechoka. Wewe chukua kung'ang'ana."

Wenzangu wakaitikia amina. Nikaona aibu kuonekana nimechoka. Nikakubali.

Hapo ndipo nilipochanganya mambo. Pale duarani kwetu tuliamini kwamba mwamba wenye dhahabu ukikaribia msimamizi haondoki, maana dhahabu humkimbia anayegeuka nyuma. Imani hiyo ya shimoni nikaivika neno langu la sala. Nikaona ni Mungu anasema.

Mavuno yalipoisha, mke wangu akapiga simu. Binti yetu Kabula alikuwa amechumbiwa.

"Baba Kabula, wakwe wanaleta ng'ombe Jumamosi. Unakuja lini?"

"Mama Kabula, mwamba umekaribia. Nikiondoka nitakuwa nimeliacha neno langu."

"Hilo neno halina miguu? Njoo nalo."

"Masanja yupo. Apokee yeye."

Masanja ni mdogo wangu, mji wake uko jirani na wangu. Mama Kabula akasema, "Haya. Utakuja kuniuliza."

Kwa wasio Wasukuma, nieleze kidogo. Kwetu anayepokea ng'ombe wa mahari si tarishi. Ndoa ile iko mikononi mwake. Mume akikosea anaitwa kwake, binti akiondoka kwa mumewe anarudi kwake. Nilijua hilo tangu utotoni. Nikajiambia ni mdogo wangu, damu moja, nitarekebisha nikirudi.

Jumamosi ile nilipanda juu mara nyingi kuliko kawaida, nikatazama simu, nikashuka tena shimoni. Hakuna aliyepiga.

Mwamba tuliupata, wakuu. Sitawadanganya kwamba tuliambulia patupu. Mwaka ulipoisha nilishuhudia mbele ya kikundi, watu wakapiga makofi, Kaka Elia akalia machozi. Nikarudi Didia na mabati ya nyumba nzima.

Mkwe wangu alipokuja kutusalimia alianzia kwa Masanja. Nikasema ni ujana.

Baadaye ndoa ikayumba. Jioni moja nikamwona Kabula anakuja, mtoto mgongoni, akaupita mlango wangu.

"Kabula, mbona unapita?"

Akapiga goti. "Shikamoo baba. Naenda kwa baba mdogo, shauri langu liko kule."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kushika.

Kikao kilipokaa kwa Masanja, nilienda. Nikaanza kumkemea mkwe. Mzee mmoja wa upande wao akamgeukia mwenzake, "Huyu ndiye yule wa dhahabu?" Wakacheka kidogo, bila ubaya. Kisha akaniambia, "Mzee mwenzangu, baba wa binti ameshazungumza. Wewe kunywa chai."

Masanja akainamisha macho. Hajawahi kunidharau. Alifanya kazi niliyomwachia, na aliifanya vizuri kuliko ambavyo mimi ningeifanya.

Mama Kabula hajanilaumu hadi leo. Nikianzisha habari hiyo ananiambia, "Kula kwanza."

Vijana mnaochagua neno la mwaka, siupingi utaratibu huo. Ila mimi nilipenda neno lililoniruhusu kufanya nilichokuwa nataka tayari, nikaliita sauti ya Mungu. Ukishachagua lako, nenda kamuulize yule litakayemgharimu. Akikunja uso, litazame upya. Mwaka huu sina neno. Nalitaja moja asubuhi, jioni nimeshaliacha.

Komenti ziko wazi. Aliyewahi kupita hapa aniambie kama kuna njia ya kurudi, ila asinifariji tu.

Nitaje hasara yenyewe nimalize. Kabula yuko hai, ndoa yake ilitengemaa, na tukikutana tunasalimiana vizuri. Lakini akipata shida anampigia Masanja, na mimi habari zake nazipata baada ya majirani. Nilikuwa na binti mmoja, na sasa baba yake ni mdogo wangu.